Kifungu cha Nne

Mtoto ana wiki sita. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari tumeliacha likinguruma, likizimwa haliwaki tena,
na sisi, juu ya duka la matairi mjini Yorkton,
tumekuja kufa kwa karatasi.

Wakili ni Bi Achtemichuk. Ana mafua.
Anauliza kama anayeuliza tutakunywa chai au kahawa:
"Na ikiwa nyote wawili mtafariki siku moja?"
Nasema, Mungu apishe mbali.
Hilo haliandiki. Anangoja.

Mali haikutuchukua muda.
Nyumba: jiko na choo ni vyetu, vyumba bado ni vya benki.
Ekari mia na sitini za ngano, alizoachiwa Garth
na baba aliyekufa bila wosia,
wakagombana ndugu watatu miaka minne
kwa ajili ya trekta lisilowaka.
Cherehani ya bibi yangu.
Bima ya maisha: ndipo nilipoijua bei yangu,
na sitaficha, nilidhani ningekuwa ghali zaidi.

Kisha kifungu cha nne. Mlezi.

"Halyna," nasema. Dada yangu.
"Anavuta sigara."
"Nani basi?"
"Wendell."
"Lini ulimsikia Wendell akicheka?"
Bi Achtemichuk anapenga kamasi,
anatazama dirisha lililoganda, kwa adabu.

Usiku tulikuwa tumewapima wote kitandani,
kwa minong'ono, mtoto katikati yetu:
nani ana subira, nani ana chumba cha ziada,
nani atamwambia kwamba mama yake alikuwa na mwanya
na hasira za karibu,
nani hatanigeuza malaika.
Kumbe namtafuta mtu bora kuliko mimi,
na nikimpata nitamchukia.

Teodor akaamka, akalia.
Maziwa yakanitoka bila kuitwa, yakapenya blauzi,
yakadondoka juu ya neno *marehemu*.
Karani akaenda kuchapa ukurasa upya.

Nikamnyonyesha pale pale, koti begani.
Garth akakodolea zulia kwa muda mrefu, kisha akasema:
"Siku ya tatu baada ya kujifungua kwako,
alikuja kilomita tisini ndani ya dhoruba.
Akavulia koti barazani, kwenye baridi ile.
Akanawa hadi viwikoni.
Ndipo akasema, mlete."
Sikujua kwamba aliona.
"Andika Halyna," akamwambia wakili.

Nikauliza kama naweza kuongeza jambo dogo:
kwamba hulala ukimsugua kisigino cha kushoto,
cha kulia humwamsha;
kwamba sauti ya mashine ya kukaushia nywele humtuliza,
ya baba yake bado.
"Hayo si ya wosia," akasema Bi Achtemichuk,
lakini sasa alikuwa ameweka kalamu chini.
"Mwandikie dada yako barua."

Sheria inataka mashahidi wawili wasiorithi kitu.
Mmoja, karani.
Wa pili akaitwa kutoka dukani chini,
mzee aliyekuwa akingoja matairi yake ya theluji.
Akasaini polepole, ulimi nje kama mwanafunzi,
akaacha alama ya grisi kando ya jina langu,
akamtazama mtoto, akatutazama sisi.
Nilidhani atasema neno la hekima.
"Lile gari lenu," akasema, "linaunguza mafuta bure."

Tukashuka ngazi.
Garth, ambaye huendesha kama anayedaiwa na barabara,
alikwenda kilomita arobaini kwa saa hadi nyumbani,
mikono miwili juu ya usukani.
Hakuna aliyezungumza.
Nilikaa nyuma, nikitafuta
kwenye tabaka tatu za sufu
kisigino cha kushoto.